Saa Tuliyobakiziwa

Tulianza watu wanne na ufunguo wa kuazima.
Orest Hnatiuk, fundi wa matrekta aliyestaafu,
alibandika karatasi mlangoni pa ghala la nafaka:
Hoki ya barafu. Miaka hamsini na mitano kwenda juu.
Meno si lazima.

Mji wetu ni barabara moja na nusu
huko Saskatchewan, mahali ambapo Januari
haiji kama mgeni, huja kama mwenye nyumba.
Uwanja una paa la mabati na mabenchi yenye vibanzi.
Watoto wana saa zao, wasichana wana saa zao,
vijana wa ligi wamejipakulia minofu.
Sisi tukabakiziwa ukoko:
Jumanne, saa nne kasorobo usiku.
Tukaukwangua. Nani hajui utamu wa ukoko?

Mimi niliuza stempu miaka thelathini na mmoja.
Sikuwahi kucheza; enzi zetu wasichana
tulishika makoti ya kaka zetu, tukanyamaza.
Nikanunua viatu vya mtumba, nyembe zake zina kutu,
dola kumi na mbili, na harufu ya mguu wa mtu mwingine bure.
Nikawekwa golini kwa sababu
nilichelewa kusema hapana.

Mwezi wa kwanza tulikuwa kichekesho.
Alphonse aliteleza vizuri, ila hakujua kusimama;
ukuta ndio uliokuwa breki yake.
Bernadine alianguka, akakaa pale pale,
akasema barafu ni dawa ya nyonga, msiniinue bado.
Bima ikataka dola mia tisa.
Tukauza pai, tukaokota chupa tupu,
Orest akauza mashine yake ya kukatia nyasi:
kwani nyasi zenyewe ziko wapi?

Kisha jikoni kwangu tukaandika sheria.
Kisahani kisipae juu ya goti.
Asigongwe mtu, hata kwa heshima.
Dawa ya moyo ikae mfuko wa kushoto, wote, kushoto,
tusije tukapekuana.
Magoli tutahesabu hadi matano, halafu tusahau.

Hapo kwenye kusahau Una McQuarrie akatazama chini.
Mumewe, Murdo, ndiye mkali wetu,
ujanani aliwahi kuitwa Regina kujaribiwa;
siku hizi hukitazama kijiko
kama mtu aliyemsahau jina.
Barafuni miguu yake ina kumbukumbu yake yenyewe.
Huteleza kinyumenyume, kisahani kimemganda kwenye fimbo
kama kinamdai,
mpaka katikati ya uwanja, ndipo husimama na kuuliza:
Mimi ni wa upande gani?

Wekundu walimwita. Weupe walimwita.
Akalia, kwa sauti ndogo, ndani ya kofia yake ngumu.

Jumanne iliyofuata Una alileta jezi aliyoishona upya,
kulia nyekundu, kushoto nyeupe,
mshono umeshuka katikati ya kifua, umepinda kidogo.
Nikachukua daftari, nikaongeza sheria ya tano:
Murdo ni wa pande zote. Popote afungapo, tunashangilia.

Amenifunga magoli saba tangu hapo.
Mojawapo ningeweza kulizuia. Sisemi lipi.

Sasa tuko ishirini na watatu.
Msimu uliopita tulikuwa ishirini na watano;
fimbo mbili zimelazwa juu ya misumari karibu na mlango,
hakuna anayezigusa, na hakuna aliyetoa amri.
Wanasema ujana ni moshi, ukienda haurudi.
Njoo basi saa nne kasorobo, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
taa zikiwaka moja moja kama zinazokohoa,
uone midomo ishirini na mitatu ikifuka.

Leo Alphonse amesimama bila ukuta.
Tukasitisha mchezo mzima ili arudie.
Hakuweza.